Wimbo wa Furaha Hausimami Njiani

Mjukuu wangu,

Habari imenifikia kabla ya simu yako: fedha ya pamba uliyogawiwa na baba yako umeinunulia ukulele. Mama yako analalamika, baba yako amenyamaza, na mimi nimeombwa nikuonye. Nitakuonya, ila si kwa jambo wanalolidhania wao. Kununua ala ya muziki si kosa. Kijana aliyelima, akapalilia, akachuma na kubeba mzigo hadi kwenye mizani ya AMCOS, chama chetu cha ushirika, ana haki ya kununua kitu kimoja kisicholiwa.

Onyo langu ni kuhusu jambo lingine. Nimeambiwa unazidharau nyimbo nyepesi. Unahangaika na nyimbo za vidole vya mbio ulizoziona kwenye simu, na binamu yako alipokuomba umpigie “Jambo Bwana” ulimjibu kwamba huo ni wimbo wa watalii, hauna muziki ndani yake. Hapo ndipo ninapotaka tukae, wewe na mimi.

Wimbo huo una wenyewe. Uliandikwa na Teddy Kalanda Harrison wa kundi la Them Mushrooms, lililoanzia Mombasa na kupiga sana katika hoteli za pwani ya Kenya. Ulitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ilipofika mwaka 1983 Boney M, waliokuwa wakivuma Ulaya nzima, nao wakaurekodi kwa namna yao. Kodi tatu, yaani sauti za nyuzi zinazopigwa kwa pamoja, zinautosha. Maneno yake ni salamu na kumkaribisha mgeni. Wewe umeona uchache huo ukadhani ni umaskini. Mimi nakwambia uchache huo ndio mtihani.

Ukiwa na kodi tatu huna pa kujificha. Wimbo wenye kodi kumi na mikato ya vidole utamfanya msikilizaji atazame mkono wako, na akishautazama mkono anasahau kusikiliza. Katika wimbo wa kodi tatu hakuna cha kutazama. Kinachobaki ni mapigo, na mapigo yakiyumba hata mbuzi aliyefungwa uani anajua.

Linganisha na “Malaika”, ambayo najua unaipenda kwa kuwa Miriam Makeba aliipeleka duniani kote na kwa kuwa inahusu kijana aliyekosa mahari. Huku kwetu, ambako mahari bado inahesabiwa kwa ng’ombe, hakuna kijana asiyeuelewa wimbo ule. Lakini huzuni ni mpole kwa mpigaji. Ukichelewa nusu pigo katika “Malaika”, watu watadhani moyo umekujaa. Ukichelewa nusu pigo katika “Jambo Bwana”, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akicheza atasimama na kukukodolea macho. Wimbo wa huzuni unamngoja mwenye kuupiga. Wimbo wa furaha haumngoji mtu.

Sisi Wasukuma tulipaswa kulijua hili kuliko wengine wote, kwa sababu muziki wetu mwingi umetoka shambani. Kabla plau hazijaenea, na mahali pengine hata baada ya kuenea, watu walilima kwa vikundi. Ngoma zilipigwa palepale penye mstari wa majembe, na majembe yakaenda juu na chini kwa pigo moja. Bugobogobo unayoiona leo kwenye sherehe, vijana wakirusha majembe hewani na kuyadaka, imetoka katika kazi ile. Sasa niambie: mpiga ngoma wa bugobogobo akikosea pigo, anasimama ajirekebishe? Majembe yako hewani! Akisimama yeye, mstari mzima unavurugika, na jembe la mmoja linaweza kuushukia mguu wa jirani yake. Anachofanya ni kulimeza kosa na kuendelea, na pigo linalofuata linakuja mahali pake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hiyo ndiyo furaha niliyoijua tangu utotoni. Haikuwa furaha ya watu waliokaa wakisubiri kufurahishwa. Walikuwa kwenye jua kali na ardhi ngumu, nyumbani kuna madeni na watoto wanaoumwa, na wimbo ukawabeba hadi mwisho wa tuta. Mpigaji hakuulizwa kama siku hiyo alikuwa na raha. Aliulizwa kama ngoma yake ilifika mwisho wa shamba. Ukilielewa hilo, hutauita tena wimbo wa furaha wimbo mwepesi.

Usione haya kwamba umeshika ala ya kigeni. Babu zetu walipiga ndono, upinde wenye uzi na kibuyu, na kijana kutembea na kiala chake cha uzi njiani si jambo lililozuka na simu za mkononi. Tena hiyo ukulele yenyewe ina ukoo unaofanana na wetu. Mwezi Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilifika Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, ikiwa imebeba Wareno kutoka kisiwa cha Madeira waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo mafundi wa mbao watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Walikuja wakikijua kigitaa kidogo cha kwao, na kazi ya miwa ilipowaachia nafasi wakaanza kuchonga vya kwao kwa mbao za huko, hasa mti uitwao koa. Mfalme Kalākaua wa Hawaii akakipenda, akakiingiza katika sherehe za ikulu yake. Mwaka 1915, kwenye maonyesho makubwa ya San Francisco, Wamarekani wakakisikia kwa wingi, na tangu hapo hakijarudi nyuma.

Kwa hiyo unaposhika ala hiyo umeshika kitu kilichoingia Hawaii mikononi mwa vibarua wa mashambani. Wakata miwa na wachuma pamba wanaelewana. Na huku kwetu kuazima si jambo geni. Salum Abdallah wa Morogoro alizisikiliza sahani za santuri za Kuba, bendi yake akaiita Cuban Marimba, na muziki uliotoka pale ukawa wa Kiswahili mtupu. Alifariki mwaka 1965, na nyimbo zake zingali zinapigwa. Hakuna aliyemdai airudishe rumba Havana. Alichoazima alikifanyia kazi, na aliyekifanyia kitu kazi amekinunua.

Sasa tuje kwenye mikono yako.

Ukulele ina nyuzi nne. Ukiishika kifuani, uzi ulio karibu na kidevu ni G, unaofuata ni C, kisha E, na wa chini kabisa ni A. Ule wa G, ingawa uko juu, sauti yake ni nyembamba, na ndiyo maana ala nzima inasikika kama inacheka hata anayeipiga akiwa amekunja uso. Linganisha nyuzi kila unapoishika. Simu yako unayoitumia kwa mambo mengine mengi ina programu ya kazi hiyo, ya bure. Nyuzi mpya za nailoni hulegea kwa siku kadhaa za mwanzo, basi usikate tamaa wala usiilaumu ala.

Kodi ya C inataka kidole kimoja tu: uzi wa A, kipande cha tatu, yaani nafasi ya tatu kati ya vyuma vya shingoni. F inataka viwili: cha shahada kwenye uzi wa E kipande cha kwanza, na cha kati kwenye uzi wa G kipande cha pili. Halafu G7, inayowatoa jasho wanaoanza, inataka vitatu. Na hapa sikiliza vizuri, kwa maana wengi hawaambiwi. Unapotoka F kwenda G7, usiinue mkono wote. Kidole cha shahada kinabaki palepale kilipo. Cha kati kinahama kutoka uzi wa G kwenda uzi wa C, kipande kilekile cha pili, na cha pete kinakaa kwenye uzi wa A, nacho kipande cha pili. Kidole kimoja kikibaki nyumbani, viwili vingine haviwezi kupotea. Zoea njia hiyo peke yake, F na G7, F na G7, bila wimbo wowote, mpaka vidole viende vyenyewe huku ukizungumza na mtu. Bandu bandu huisha gogo.

Hayo yote, hata hivyo, ni ya mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto ndio unaosifiwa na watu wasiojua. Wimbo wa furaha unakaa katika mkono wa kulia. Mkono huo ndio mpiga ngoma wako. Ushushe mara nne kwa hesabu sawa, mguu ukigonga chini, na uendelee hivyo hadi uchoke. Kisha ongeza pigo la kupandisha kati ya yale ya kushusha. Kiganja kilegee, maana atakayekikaza ataumia na atasikika kama anayekwangua sufuria. Na sheria iliyo juu ya sheria zote: mkono wa kushoto ukikosea, wa kulia usisimame. Kodi ikikukimbia, endelea kupiga hata nyuzi tupu, hata nyuzi zilizofunikwa zinazotoa sauti kavu tu, mpaka kodi inayofuata ikupokee. Msikilizaji atakusamehe kodi mbaya. Pigo lililokatika hatalisamehe, kwa kuwa mwili wake ulikuwa umeshaanza kucheza na wewe umeuangusha.

Anza polepole kuliko unavyotaka. Vijana wengi hudhani wimbo wa furaha ni wimbo wa mbio, wakaupiga hadi maneno yanagongana mdomoni. Wimbo wa kuchezwa una mwendo wake, na mwendo huo unaujua mguu wa mtu wa kawaida anayetembea kwenda sokoni asubuhi bila kuchelewa. Ukiupita, wazee watashindwa kucheza, na sherehe ambayo wazee wamekaa pembeni imepungukiwa.

Jambo lingine ni kumaliza. Naona siku hizi mtu anajifunza vipande: sekunde 30 za mwanzo wa wimbo huu, sekunde 30 za kiitikio cha wimbo ule, anarekodi, anarusha, anahesabu waliopenda. Mwambie mtu huyo apige wimbo mmoja mzima mbele ya watu waliokaa, utamwona anageuza macho. Kipande kinakufundisha kuanza. Wimbo mzima unakufundisha kurudi. Ubeti wa tatu unapokuja na uchovu, vidole vinauma, na huna kitu kipya cha kuonyesha, hapo ndipo unapojulikana kama ni mpigaji au ni mtu mwenye ukulele. Heri uwe na wimbo mmoja unaoujua kuanzia mwanzo hadi mwisho kuliko mianzo ishirini.

Kama unataka ushahidi kwamba ala hiyo ndogo inatosha, msikilize Israel Kamakawiwo’ole wa Hawaii, mtu mwenye mwili mkubwa na ukulele iliyoonekana ndogo sana mikononi mwake. Mwaka 1988 aliingia studio usiku wa manane, akaimba nyimbo mbili za kale za Kimarekani akiziunganisha kuwa moja, sauti yake na ukulele yake basi. Hapakuwa na bendi wala ngoma. Mwaka 1993 zikatoka katika albamu yake ya Facing Future, na hadi leo, miaka mingi tangu afariki mwaka 1997, zinasikika duniani kote. Sikiliza mkono wake wa kulia. Hauna haraka na haukatiki.

Sasa kuhusu wanaokusikiliza. Unajua jinsi Bagika na Bagalu wanavyoshindana. Makundi haya mawili ya ngoma yana waanzilishi wao, Ngika na Gumha, na ushindani wao umevuka vizazi. Wakati wa sikukuu ya Bulabo, pale Bujora, Kisesa, na katika viwanja vingine vya Usukuma baada ya mavuno, kundi hili linapiga upande huu na lile upande ule kwa wakati mmoja. Aliyevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Hapo mpigaji hawezi kusema, “Hawajui muziki.” Miguu ya watu imeshatoa hukumu, na haikatiwi rufaa.

Kaa na funzo hilo. Ukipiga na watu wakaondoka mmoja mmoja, usiwatukane moyoni. Jiulize umewapigia wao au umejipigia mwenyewe. Wimbo wa huzuni unaweza kuupiga peke yako chumbani ukakufaa sana. Wimbo wa furaha, ukiupiga peke yako, bado uko mazoezini. Haujawa wimbo mpaka mwingine apige kofi.

Ndiyo maana pia una wakati wake. Pamoja na kukusifia furaha, nakuonya usiipeleke pasipohitajika. Penye msiba, ukulele ibaki nyumbani hata kama marehemu alikuwa mcheshi. Kama familia yenyewe itakuomba wimbo aliokuwa akiupenda, subiri wakuombe mara mbili. Usiku, jirani akishazima taa, hata wimbo mzuri ni kelele. Na msimu wa kupalilia ukifika, shamba ndilo linalopanga ratiba. Sitaki kusikia kwamba magugu yameshinda pamba kwa sababu ya G7. Mwimbaji ambaye ghala lake ni tupu huishia kuimba kwa ajili ya chakula, na anayeimba kwa ajili ya chakula hachagui wimbo.

Itunze ala yenyewe. Jua letu la Bariadi unalijua, na upepo wa kiangazi hukausha mbao hadi zinapasuka. Usiiache dirishani, wala juu ya tangi la pikipiki, wala karibu na jiko. Ifunge ndani ya kitambaa, itundike mahali penye kivuli. Uzi ukikatika na fedha ya kuagiza Mwanza haipo, nenda kwa wauza zana za uvuvi Lamadi ukanunue mshipi wa nailoni wa unene unaokaribiana na uzi wako. Wapo wapigaji wanaotumia mshipi wa kuvulia na hulia vizuri tu. Na mdogo wako akililia ukulele, msaidie atengeneze ya galoni na kipande cha ubao. Asiposhika ala yake, atashika yako.

Naja kwenye fedha, maana najua umeshaifikiria. Ukipiga vizuri, watu watakutunza. Mcheza kwao hutunzwa. Pokea, shukuru, endelea na wimbo. Usisimame kuhesabu noti. Ukienda Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti, utakutana na wageni, na huko “Jambo Bwana” utaombwa kila siku. Hapo ndipo kijana mwenye kiburi hujiona amedhalilika, akaupiga kwa mdomo uliopinda kama anayelipa faini. Mimi nakwambia ufikiri kinyume chake. Wimbo ule ni salamu, na salamu ya kumkaribisha mgeni hutolewa na mwenyeji. Anayeimba “karibu” ndiye mwenye nyumba. Ukiuimba umeinua kichwa, mgeni atajua ameingia kwa watu. Ukiuimba kwa kunyong’onyea, umemwambia kwamba unaomba. Maneno ni yaleyale na kodi ni zilezile tatu. Kinachobadilika ni wewe.

Tena sisi tuna deni la salamu kuliko makabila mengi. Msukuma hasalimii mtu mbiombio na kupita. “Mwangaluka” ya asubuhi na “mwadila” ya baadaye hufuatwa na maswali ya nyumbani, watoto, mifugo na mvua, na mtoto anayewasalimia wakubwa hupiga goti. Kwa hiyo ukishaumudu wimbo wa Harrison, tunga ubeti wako mwenyewe wa Kisukuma, wa kumsalimia mtu wa Ntuzu, eneo letu hili la Bariadi, kwa namna anayosalimiwa kwao. Sikwambii uuharibu wimbo wa watu. Nakwambia utunge wako, juu ya mapigo hayohayo ya furaha, uwe na salamu ya kutoa popote utakapokwenda. Tangu mkoa wetu wa Simiyu uanzishwe mwaka 2012, Bariadi imepokea watu wa kila kabila: watumishi, wafanyabiashara, madereva, wanafunzi. Uwanja wa Nyakabindi umeona umati wa maonyesho ya wakulima ya Nane Nane kutoka kila pembe ya nchi. Wote hao wanahitaji kusalimiwa, na vijana wenye wimbo wa kuwasalimia kwa lugha ya hapa ni wachache.

Na kila unapopiga wimbo wa mwingine, mtaje. Ni sekunde chache tu: “Huu ni wa Teddy Kalanda wa Them Mushrooms.” Angalia yaliyoipata “Malaika”. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeirekodi ikajulikana, lakini Mtanzania Adam Salim naye alidai kuwa ndiye aliyeitunga, na mabishano ya nani mwenye wimbo yamedumu miaka mingi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo kwa kazi hiyo. Siku utakapotunga wako, uandike, uurekodi na kuusajili kabla hujaurusha kwenye simu za watu. Anayejua kutaja wenzake atatajwa.

Utaniuliza: je, siku nikiwa na majonzi niupige wimbo wa furaha kwa unafiki? Swali zuri, na watu wazima wengi hawana jibu lake. Jibu langu ni kwamba unafiki ni kujidai una furaha ili usifiwe. Kumpigia mwenzako wimbo wa furaha huku moyo wako ni mzito ni jambo jingine: ni kumfanyia kazi. Mama anayepika akiwa amechoka hatumwiti mnafiki kwa sababu chakula kina ladha. Wale waliopiga ngoma shambani hawakuwa wanacheka ndani siku zote. Walikuwa na pigo la kutunza kwa ajili ya mstari mzima, na mara nyingi, kufikia mwisho wa tuta, pigo hilo lilikuwa limewainua na wao. Furaha ya namna hiyo hairithiwi wala hainunuliwi pamoja na ala. Inalimwa. Na kijana atakayezoea kuifikisha mwisho katika wimbo wa dakika tatu, ataikuta mkononi siku atakapokuwa na nyumba yake, watoto wake, na mwaka ambao mvua imekataa.

Basi mpango wako uwe huu. Acha nyimbo za vidole vya mbio kwa sasa. Hazitakimbia, zinakungoja. Chukua “Jambo Bwana”, kodi zake tatu, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Wiki za mwanzo mkono wa kulia peke yake. Kisha F na G7 hadi vidole viache kuuliza njia. Kisha wimbo mzima, kila siku, mwanzo hadi mwisho, bila kusimama hata pale unapokosea. Ukishaweza, keti uani jioni, kazi zikiwa zimekwisha, upige bila kumwita mtu, uone ni nani atasogea.

Watu watano wakisogea na wakabaki mpaka mwisho, nipigie simu. Nitakuja na kigoda changu na noti mfukoni, kwa kuwa nami napenda kucheza. Lakini ujue tabia ya babu yako: simtunzi mtu kabla ya ubeti wa mwisho.